Meno mapya huhitaji subira

Aliyekesha usiku kucha kwa kuumwa na jino hahitaji kufundishwa maumivu ni nini. Lakini wako watu ambao meno yao yote yameharibika, hata mganga wa meno haoni njia nyingine: huyang'oa, hutengeneza fizi na mfupa wa taya, kisha humtia mgonjwa meno mapya. Siku ile mgonjwa anapotoka hospitalini, jamaa hufurahi na kusema: «Kazi imekwisha!»

La, wasomaji wapenzi, haijakwisha. Mganga amemaliza kazi yake. Sasa yaanza kazi ya mgonjwa mwenyewe na ya watu wa nyumba yake.

Donge la damu

Pale jino lilipotoka pamebaki tundu. Damu hulijaza, huganda, na kuwa donge. Watu wengine hudhani donge hilo ni uchafu, nao hulitoa kwa ulimi au kwa kusukutua kwa nguvu. Wanakosa sana! Donge hilo ni kama kifuniko: chini yake nyama mpya huota, nao mfupa hukingwa. Likitoka kabla ya wakati wake, mfupa hubaki wazi, na baada ya siku 3 au 4 huja maumivu makali yanayopanda hata sikioni.

Basi, tuuma kwa utulivu kitambaa safi tulichopewa na mganga, kwa muda wa nusu saa au zaidi. Siku ya kwanza tusisukutue, tusiteme mate kwa nguvu, tusinywe kwa mrija. Pombe tuiache. Tumbako nayo tuiache kwa siku nyingi, kwani hupunguza damu inayofika kwenye kidonda. Baada ya saa 24 ndipo tusukutue polepole kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, hasa baada ya kula.

Uso kuvimba si jambo la kuogopa. Uvimbe hukua mpaka siku ya 2 au ya 3, kisha hupungua. Lakini ukizidi baada ya hapo, au ikija homa, au usaha, au damu isiyokoma, mgonjwa arudi kwa mganga bila kukawia. Akishindwa kumeza au kupumua vema, apelekwe saa ile ile, hata ikiwa ni usiku.

Kazi ya watu wa nyumbani

Mama wa nyumba asimwachie mgonjwa chai tupu. Kidonda hakiponi bila chakula chenye nguvu. Ampikie uji, mayai laini, maharage yaliyopondwa, samaki aliyetolewa miiba, sombe iliyoiva sana. Pilipili, karanga za kukaanga na mahindi ya kuchoma yangoje.

Siku za kwanza ulimi hukosa njia yake: maneno hutoka vibaya, mate huzidi. Watoto wasicheke! Wengi huona haya, wakaacha kusema na kula mbele ya watu, hata wakayaficha meno yao sandukuni. Afadhali mgonjwa asome kwa sauti kila siku nyumbani, ulimi utajifunza.

Aliyepewa meno ya kuvaa na kuvua afuate agizo la mganga wake siku ya kwanza, kwani akiyavua mapema, uvimbe waweza kumzuia kuyarudisha. Baadaye ayavue usiku, ayasafishe, ayaweke katika maji. Katika miezi ya kwanza mfupa wa taya hupungua, nayo meno hulegea. Asiyachonge kwa kisu. Mganga ndiye atakayeyasawazisha.

Mfupa hauna haraka

Mwaka 1952 mtaalamu mmoja wa Uswedi, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza mifupa ya sungura kwa kifaa cha madini yaitwayo titani. Alipotaka kukitoa, akakuta mfupa umekishika kabisa. Hakukimbilia kinywa cha mtu. Alichunguza miaka mingi. Mwaka 1965, katika mji wa Göteborg, alimtia Gösta Larsson vipande vya titani katika taya la chini. Mtu huyo alizaliwa na kasoro ya taya, na taya lake la chini halikuwa na meno.

Kwa desturi aliyoifundisha Brånemark, vipande hivyo huachwa katika mfupa kama miezi 3 katika taya la chini, miezi 6 katika taya la juu, ndipo meno hufungwa juu yake. Leo waganga wengine huweka meno ya muda siku ile ile; lakini mfupa haukubadili mwendo wake, na mgonjwa hana budi kula vyakula laini mpaka aruhusiwe.

Larsson alikufa mwaka 2006, vipande vyake vingali kinywani. Miezi ya kungojea ilimpa miaka 40 ya kutafuna.