Kasi za Sayari na Muda wa Safari baina yake: Mfano wa Dunia na Mirihi

Kanuni wanayofundishwa wanafunzi tangu shule ya msingi ni kwamba muda wa safari hupatikana kwa kugawanya umbali kwa kasi. Basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa humaliza kilomita 240 kwa saa 3. Kanuni hiyo ni sahihi, ila imebeba sharti ambalo aghalabu halitajwi: kituo cha kuondokea na kituo cha kufikia viwe vimetulia. Baina ya sayari sharti hilo halipo. Makala haya yanafafanua namna kasi za sayari zinavyokokotolewa, na kwa nini muda wa safari kutoka Dunia hadi Mirihi hauwezi kupatikana kwa kanuni ya basi.

Kasi ya Dunia yenyewe haihitaji hesabu ngumu. Umbali wake wa wastani kutoka kwenye Jua ni kilomita milioni 149.6. Obiti yake ni duaradufu inayokaribia sana kuwa duara, hivyo mzingo wake hukadiriwa kwa kuzidisha umbali huo kwa 2, kisha kwa 3.1416. Jibu ni kilomita milioni 940. Mwaka una siku 365.25, yaani saa 8,766. Dunia, basi, huenda takribani kilomita 107,200 kwa saa, au kilomita 29.8 kwa sekunde, na wakazi wake hawahisi lolote kwa kuwa wanasafiri nayo pamoja na hewa na bahari. Kwa njia hiyo hiyo, Mirihi, iliyo umbali wa kilomita milioni 227.9 kutoka kwenye Jua na ambayo mwaka wake una siku 687, hupatikana kuwa na kasi ya kilomita 24.1 kwa sekunde.

Ichukuliwe sasa kwamba sayari hizo mbili zimekaa upande mmoja wa Jua. Tofauti ya umbali ni kilomita milioni 78.3. Ili kuuponyoka uvutano wa Dunia, chombo huhitaji kasi ya takribani kilomita 40,000 kwa saa. Kwa kanuni ya basi, safari ingechukua siku 82. Hata hivyo, katika siku hizo Mirihi itakuwa imesogea kilomita milioni 171, na chombo kitafika mahali patupu. Aidha, sehemu kubwa ya kasi hiyo humalizika katika kuuponyoka uvutano wenyewe. Lililo zito zaidi ni kwamba chombo hakiondoki kikiwa kimesimama, bali hurithi kasi ya Dunia ya kilomita 29.8 kwa sekunde, inayokisukuma kuzunguka Jua na si kuelekea nje. Kuifuta kasi hiyo ili kupita njia iliyonyooka kungedai fueli ambayo hakuna roketi iliyowahi kuibeba.

Ufumbuzi ulitolewa mwaka 1925 na mhandisi Mjerumani, Walter Hohmann. Badala ya kupingana na kasi ya Dunia, alipendekeza chombo kiongezewe kidogo tu, kufikia kilomita 32.7 kwa sekunde, ili kiingie katika duaradufu inayogusa obiti ya Dunia upande mmoja na obiti ya Mirihi upande wa pili. Muda wa safari hupatikana kwa kanuni aliyoichapisha Johannes Kepler mwaka 1619: kipeo cha pili cha muda wa mzunguko hulingana na kipeo cha tatu cha umbali wa wastani. Umbali wa wastani wa njia hiyo ni kilomita milioni 188.75, yaani mara 1.262 ya umbali wa Dunia. Kipeo chake cha tatu ni 2.01, na kipeuo cha pili cha hicho ni 1.417. Mzunguko mzima ni miaka 1.417, sawa na siku 518. Safari ni nusu yake: siku 259. Jambo la kustaajabisha ni kwamba chombo hupungua kasi kadiri kinavyopanda, hata kikafika kikiwa na kilomita 21.5 kwa sekunde. Mirihi ndiyo inayokifikia kutoka nyuma.

Kwa siku 259 Mirihi huzunguka nyuzi 136, ilhali chombo huzunguka 180. Kwa hiyo siku ya kuondoka sharti Mirihi iwe mbele ya Dunia kwa nyuzi 44. Mpangilio huo hujirudia kila baada ya siku 780 hivi, yaani takribani miezi 26, na hakuna bajeti wala amri inayoweza kuuharakisha. Chombo cha Marekani kiitwacho InSight kilipangwa kuondoka Machi 2016. Kifaa chake cha kupimia mitetemo kikabainika kuvuja, na ukarabati haukuweza kukamilika kwa wakati. Chombo kilichokuwa karibu kuruka kikarudishwa kungoja, si kwa majuma machache ya ukarabati, bali hadi Dunia na Mirihi zipangike tena. Kiliondoka tarehe 5 Mei 2018 na kutua Mirihi tarehe 26 Novemba mwaka huo, baada ya siku 205, kwa kuwa kilipita njia fupi kidogo kuliko ile ya Hohmann.