Gofu ya Wazee Nyanda za Juu

Karatu iko meta 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro, meta 2,300 hivi. Hewa ikiwa nyepesi namna hiyo, mpira wa gofu huruka mbali kuliko Dar es Salaam, lakini pumzi ya mzee hukata mapema. Kiangazi ardhi hukauka: mpira hubingirika vizuri, ila fimbo ikigonga udongo mgumu, viwiko huumia.

Tumwagilie? Maji Karatu ni haba. Nionavyo mimi, atakayejenga kiwanja huku awasogezee wazee mahali pa kuanzia mbele, nyasi asizikate fupi mno ili zitunze unyevu, na kuzunguka mashimo aweke mchanga, kama viwanja vingi vya zamani vya Afrika Mashariki. Mzee acheze, na ng'ombe wanywe.