Gitare na uganga: kijana anaweza kubeba vyote viwili?

Siku ya posho magaribi, katika makanisa mengi ya Bukavu, Goma, Butembo na Bunia, korali ziko kwenye repetisyo. Kati ya wale wanaopiga gitare, kinanda na ngoma kuko wanafunzi wa uganga ambao usiku ule ule, ao kesho yake asubui, wanangojewa hospitali. Nyumbani wazazi wanasema: «Acha iyo gitare, shika buku.» Kwenye korali wanasema: «Weye umeanza kutukimbia.» Mwanafunzi anabaki katikati, na kila upande unamuona muvivu.

Je, mutu anaweza kusomea uganga bila kuua muziki ndani yake? Anaweza. Lakini si kwa kipimo kimoja kila mwaka.

Masaa ndiyo yanaamua

Baada ya diploma ya Serikali, masomo ya uganga yanachukua karibu miaka sita ao saba, kulingana na utaratibu wa chuo. Miaka ya kwanza kazi kubwa ni buku na mitiani: mwanafunzi anaweza kujipangia siku mwenyewe. Mambo yanabadilika wakati wa staji. Pale si yeye tena anayepanga. Ni liste ya zamu, na ni wagonjwa.

Hatari kubwa iko hapo. Kijana anapiga muziki kwenye arusi mpaka alfajiri, kisha anavaa blouse na kuingia kwenye zamu. Watafiti walishaonyesha kwamba mutu aliyekesha saa 24 anafikiri na kutenda polepole kama mutu aliyekunywa pombe. Mutu wa namna iyo akipima dawa ya mutoto, kosa dogo la hesabu linaweza kuleta kifo. Kwa iyo kanuni ya kwanza ni rahisi: wimbo unaweza kungoja, mugonjwa hawezi.

Waliopita njia iyo

Albert Schweitzer alikuwa tayari anajulikana Ulaya kama mupiga ogani alipoanza kusomea uganga, akiwa na miaka 30. Mwaka 1913 alifika Lambaréné, katika Gabon, akafungua hospitali. Muziki haukufa: tamasha zake za ogani huko Ulaya zilisaidia kupata feza za hospitali, na magaribi, baada ya kazi, alifanya mazoezi kwenye piano iliyotengenezwa kwa ajili ya joto na unyevu wa huko. Wengi wamemukosoa kwa namna alivyowatazama Waafrika kama wadogo zake. Lakini juu ya swali letu mufano wake uko wazi: kila kazi ilikuwa na saa yake.

Karibu na sisi, muimbaji Tom Close wa Rwanda, jina lake la kweli Thomas Muyombo, alisomea uganga, na mwaka 2011 alishinda shindano la kwanza la Primus Guma Guma Super Star. Baadaye aliongoza kituo cha Kigali cha kushugulikia damu ya kuwapa wagonjwa. Hapa kuko somo: uganga si kazi ya aina moja. Anayefanya upasuaji ao kuzalisha wamama anaitwa saa yoyote. Wa maabara, wa damu ao wa afya ya jamii mara nyingi ana masaa yanayojulikana mapema. Anayependa sana muziki afikirie jambo ilo mbele ya kuchagua utaalamu.

Wengine waliamua kuacha. Dr Sid wa Nigeria alisomea uganga wa meno katika Chuo Kikuu cha Ibadan, kisha akajitoa kabisa kwa muziki. Si aibu, ikiwa mutu ameamua akiwa macho. Kibaya ni kuacha bila kuamua: leo kukosa somo, kesho kukosa mutiani, mwisho kupoteza minervali ambayo wazazi walitafuta kwa kuuza ngombe ao shamba.

Namna ya kujipanga

Kwanza, mukubwa wa korali ao wa orchestre apewe mapema liste ya zamu na tarehe za mitiani. Pili, mwanafunzi asikubali kuwa mupiga gitare mumoja tu wa kundi; awe na mutu wa kumushika nafasi. Tatu, dakika 20 za mazoezi kila siku zinalinda vidole kuliko saa tano mara moja kwa mwezi. Nne, wakati wa staji anaweza kuacha jukwaa na kubaki na kutunga: wimbo unaweza kuandikwa hata saa nne ya usiku. Tano, wazazi waonyeshwe matokeo ya mitiani. Pointi nzuri zinawatuliza kuliko maneno.

Na muziki wenyewe unaweza kutumikia afya. Mwaka 1987 Franco aliimba «Attention na Sida» kuonya watu juu ya Ukimwi. Wakati wa Ebola ya 2018 mpaka 2020, Beni na Butembo, uvumi ulifanya wengi waogope timu za waganga, na nyimbo zilikuwa kati ya njia za kuelimisha watu. Muganga anayejua kuimba kwa luga ya watu wake anaweza kusikilizwa pale karatasi ya mafundisho haisomwi.

Kwa iyo, muzazi anayesikia gitare chumbani asikimbilie kuivunja. Aulize kwanza: mutiani ni lini, na zamu ni saa ngapi? Mutoto akiwa na jibu, amwache amalize wimbo.