Chumba cha Bei Nafuu Kibaha: Hesabu ya Mwaka wa Kwanza wa Kazi



Kila mwaka baada ya mahafali ya vyuo, katika parokia zilizo kando ya barabara ya Morogoro na zile za upande wa Pugu na Kisarawe, huonekana sura mpya kwenye Misa ya kwanza ya Jumapili. Ni vijana waliomaliza Dodoma, Mzumbe, Mwanza au Iringa, kwao ni Mbeya au Bukoba, na wamepata ajira ya kwanza Dar es Salaam. Ukimsalimu mmoja wao nje ya kanisa na kumuuliza anaishi wapi, atakujibu: “Kazi ni Posta, Padre, ila nimepanga huku Kibaha, kodi ni nafuu.” Makala haya yanaichunguza sentensi hiyo. Ni ya kweli, lakini nusu tu, na nusu isiyosemwa ndiyo inayomchosha kijana mwaka mzima.

Kwanza tuone kwamba hayuko peke yake. Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta watu 1,098,668 katika mkoa wa Pwani. Ile ya mwaka 2022 iliwakuta 2,024,947. Hilo ni ongezeko la asilimia 84 katika miaka kumi. Katika muda huohuo Dar es Salaam ilitoka watu 4,364,541 hadi 5,383,728, yaani asilimia 23. Si wote walioongezeka Pwani wanatoka jijini, maana mkoa una Rufiji, Mafia na Bagamoyo pia. Lakini anayesimama kituo cha Maili Moja saa kumi na moja alfajiri hahitaji sensa kumwambia kwamba jiji limefurika na kumwagikia huku.

Mshahara wa kwenye barua

Kijana akipata barua ya ajira iliyoandikwa shilingi 700,000, nyumbani hupigiwa simu siku hiyohiyo. Mama anawaambia majirani. Mjomba anakumbuka ada ya mtoto wake. Hakuna aliyekosea hapo, ila kiasi hicho hakuna atakayekishika.

Tufanye hesabu. Mchango wake wa NSSF ni asilimia 10, yaani 70,000. Inabaki 630,000 ya kukatwa kodi ya mapato. Shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi. Kutoka hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8, yaani 20,000. Zile 110,000 za juu yake hutozwa asilimia 20, yaani 22,000. Kodi yote ni 42,000. Kama alisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, nayo ni 105,000. Mkononi inafika 483,000, na hapo hatujagusa bima wala chama cha wafanyakazi.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza ni huu: slipu ya kwanza ya mshahara ionyeshwe nyumbani. Wengi huona aibu kufanya hivyo. Lakini mzazi anayejua kwamba mwanawe anashika 483,000 ataomba kwa kipimo hicho, na anayedhani ni 700,000 atamwona mchoyo. Ugomvi mwingi kati ya vijana na wazazi wao katika mwaka wa kwanza wa kazi unatokana na tofauti hiyo ya 217,000 ambayo hakuna aliyeieleza.

Hesabu ya chumba

Sasa tuje kwenye chumba. Bei hutofautiana mtaa kwa mtaa, hivyo namba zifuatazo ni za mfano, na kila mmoja aweke zake. Tuseme chumba cha masta Sinza ni shilingi 150,000 kwa mwezi, na cha Kibaha ni 60,000. Kijana anaona ameokoa 90,000, na kwenye karatasi ni kweli.

Lakini ofisi iko Posta. Akikaa Sinza, nauli ya kwenda na kurudi tuseme ni 1,500 kwa siku, na kwa siku 22 za kazi ni 33,000. Akikaa Kibaha hubadilisha gari njiani, tuseme 4,000 kwa siku, ambayo ni 88,000 kwa mwezi. Ukijumlisha kodi na nauli, Sinza inamgharimu 183,000 na Kibaha 148,000. Ile 90,000 imeshuka hadi 35,000.

Bado kula. Anayetoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri hachemshi chai. Anakunywa kituoni, na jioni anarudi amechoka, ananunua chipsi kuliko kuwasha jiko. Weka 1,500 tu ya ziada kwa siku, inakuwa 33,000. Faida yote ya kuishi mbali imebaki shilingi 2,000. Na kama chumba chenyewe kiko ndani, mbali na lami, akalazimika kupanda bodaboda ya 1,000 asubuhi na 1,000 usiku, basi huyu wa Kibaha analipa zaidi ya mwenzake wa Sinza.

Kisha kuna saa. Saa mbili kwenda na mbili kurudi si jambo la ajabu kwa safari hii. Ni saa 88 kwa mwezi, sawa na siku 11 za kazi za saa nane, naye halipwi kwa saa hizo.

Basi kwa nini vijana wenye digrii, wanaojua kujumlisha kuliko sisi, bado wanachagua hivi? Jibu limo katika malipo ya mwanzo. Mwenye nyumba hataki kodi ya mwezi, anataka ya miezi sita, na wengine ya mwaka. Dalali naye anachukua kodi ya mwezi mmoja. Kwa Sinza ya mfano wetu hiyo ni 900,000 na 150,000, jumla 1,050,000. Kwa Kibaha ni 360,000 na 60,000, jumla 420,000. Tofauti ni 630,000, zaidi ya mshahara wake wa mwezi mzima, na anatakiwa kuwa nayo kabla hajapokea hata senti ya kwanza.

Hapo ndipo jambo lenyewe lilipo. Kijana hasukumwi Kibaha na kodi ya kila mwezi, ambayo akijibana angeiweza. Anasukumwa na fungu la kuingilia. Kwa kuwa hana 1,050,000 leo, atalipa kidogokidogo kwa nauli, kwa chakula cha njiani na kwa usingizi, na mwisho wa mwaka atakuwa amelipa kilekile.

Desturi hii ya miezi sita haikuamriwa na sheria yoyote. Sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo malipo ni makubaliano ya wawili. Hii maana yake ni kwamba mwenye nyumba anaweza kudai mwaka, lakini pia anaweza kukubali miezi miwili akipenda. Tutalirudia hilo.

Barabara ya kazi yako

Pamoja na hayo si haki kusema Kibaha au Kisarawe ni makosa. Inategemea kazi iko wapi, na mgeni huwa hajui kwamba Dar es Salaam ni jiji la barabara chache kubwa zinazokutana katikati. Anayeishi kwenye barabara moja na kufanya kazi kwenye nyingine analivuka jiji zima kila siku.

Kibaha iko kwenye barabara ya Morogoro, kama kilomita 40 kutoka katikati ya jiji. Kutoka Maili Moja unapita Kiluvya, Kibamba, Mbezi kilipo kituo cha mabasi cha Magufuli, kisha Kimara na Ubungo. Barabara imepanuliwa kuwa njia nane kutoka Kimara hadi Kibaha, na Kimara ndipo ulipoanzia mwendokasi mwezi Mei 2016 kwenda Kivukoni. Kwa hiyo mwenye kazi Mbezi, Kimara au Ubungo anaweza kuishi Kibaha vizuri tu. Aliyepata kazi Kibaha kwenyewe, kwa mfano katika hospitali ya Tumbi, ana bahati ambayo huenda haijui.

Kisarawe ni barabara nyingine kabisa. Mji uko juu, mbele ya Pugu, kilomita thelathini na ushee kutoka mjini, na ukishuka unapita Gongo la Mboto, Ukonga, Uwanja wa Ndege na Tazara. Hii ndiyo barabara ya Nyerere, ambayo wazee bado wanaiita barabara ya Pugu. Mwenye kazi uwanjani au kwenye viwanda vya Vingunguti afikirie Kisarawe kabla ya Kibaha. Mwenye kazi Mwenge au Tegeta asidanganyike na bei ya chumba cha Kisarawe, atazeekea kwenye foleni. Kuhusu maji, sifa mbaya ya zamani ya Kisarawe imepungua tangu mradi wa kutoka Kibamba ulipozinduliwa mwaka 2020, ila muulize mpangaji aliyepo, si dalali.

Hata Mwalimu Nyerere alipofundisha Pugu mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikaa kulekule shuleni. Safari zake za kwenda mjini zilikuwa za siasa, si za kwenda kazini, na mwaka 1955 ilibidi achague kimoja kati ya ualimu na siasa.

Kabla ya kulipa, basi, fanya safari moja ya majaribio siku ya kazi, si Jumapili. Toka kwenye hicho chumba saa ileile utakayotoka, ufike mlangoni pa ofisi, urudi jioni. Ni siku moja na nauli moja, nayo itakuambia zaidi ya dalali watatu.

Fungu la kuingilia litoke wapi

Njia ya kawaida ni kukaa kwanza kwa ndugu. Ni njia nzuri, na shangazi wengi wa Mbagala na Tabata wamewatoa vijana wetu. Inaharibika pale ambapo hakuna aliyesema itakuwa ya muda gani. Kijana amwambie shangazi siku ya kwanza: “Shikamoo shangazi, naomba unihifadhi miezi minne nikusanye kodi.” Kisha anunue umeme wa Luku na unga bila kusubiri kuombwa. Miezi minne ya kuweka 150,000 ni 600,000, karibu kabisa na ile tofauti ya 630,000.

Njia nyingine ni kupanga wawili, chumba na sebule, na mwenzako wa kazini au wa chuo. Tunashangaa kwamba vijana waliolala wanne kwenye chumba cha hosteli kwa miaka mitatu wanaona aibu kulala wawili wakipata kazi.

Njia mbaya ni mkopo wa haraka. Mikopo ya kausha damu imepewa jina lake na watu walioionja. Ile ya kwenye simu si bora: mwaka 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Mshahara wa 483,000 hauwezi kubeba riba ya namna hiyo pamoja na kodi.

Na hapa tunawageukia waamini wenye nyumba. Katika jumuiya zetu wapo wenye vyumba vitatu, vinne vya kupangisha, na tunajua kwamba miezi sita inawasaidia kulipa ada au kumalizia ukuta. Lakini kijana mwenye barua ya ajira, aliyetambulishwa na jumuiya, anaweza kuaminiwa kwa miezi miwili miwili katika mwaka wa kwanza. Waandikiane mkataba, mwenyekiti wa mtaa ashuhudie. Kikundi cha VICOBA cha parokia nacho kinaweza kumkopesha fungu hilo kwa dhamana ya wanajumuiya wawili. Chama cha VIWAWA, Vijana Wakatoliki Wafanyakazi, kina asili yake katika kazi ya Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji, aliyeanzisha chama cha vijana wafanyakazi mwaka 1925. Aliwaona vijana aliokua nao wakipotelea viwandani na kuliacha Kanisa. Utaratibu wake ulikuwa kuona, kuamua na kutenda, na pa kuanzia alipataka katika maisha halisi ya mfanyakazi: mshahara, saa za kazi na mahali pa kulala. Frateri anayekwenda mwaka wa kichungaji akipewa VIWAWA kuilea, asianze na kwaya na mashindano. Awaulize wanalipaje kodi.

Kijana wa namna hii ni rahisi kupotea. Chuoni alikuwa na TMCS na mlezi aliyemjua kwa jina. Sasa anatoka kabla ya jua na kurudi saa tatu usiku. Jumuiya inasali Jumamosi asubuhi, siku pekee ya kulala na kufua, na mara nyingi ofisi nayo inamwita hadi saa saba. Akiugua kwa siku tatu, mtu wa kwanza kujua ni mwenye nyumba. Jumuiya chache zikihamishia sala jioni ya Jumapili mara moja kwa mwezi, zitawapata vijana ambao hawajawahi kuonekana.

Kwa anayehama mwezi huu: usiondoke chuoni bila barua ya utambulisho kutoka kwa mlezi wa TMCS, na cheti cha ubatizo kama kiko nyumbani kitumwe mapema. Ukifika, nenda ofisi ya parokia unakolala, si ile iliyo karibu na ofisi yako, uulize jumuiya ya mtaa wako na namba ya simu ya mwenyekiti wake. Ofisi nyingi za parokia hufungwa Jumatatu, na siku za kazi hutazikuta zimefunguliwa ukirudi. Jaribu Jumapili, baada ya Misa ya kwanza.