Kompyuta Ijengwayo kwa Maandishi
Tuseme shule mojawapo huko Ngenge, wilayani Muleba, ina kompyuta kumi. Kwa desturi, kama katika Debian iliyoanzishwa mwaka 1993, fundi huamuru programu zipachikwe au ziondolewe moja moja. Hatimaye kompyuta hazifanani. Na umeme ukikatika kazi ikiendelea, mtambo waweza kubaki nusunusu.

Njia nyingine ilianza mwaka 2003, Eelco Dolstra alipobuni Nix nchini Uholanzi. Katika NixOS fundi huandika katika faili hali yote aitakayo, nao mtambo hujijenga kwa kuifuata. Toleo la awali huhifadhiwa. Kosa likitokea, hurejewa. Gharama yake ni nafasi kubwa ya diski na lugha ngumu kujifunza. Lakini palipo mbali na fundi, faili hiyo ni akiba.