Kuhesabu wasomaji wa tovuti ndogo

Zana za takwimu za tovuti hufanya kazi kwa njia mbili. Baadhi husoma daftari la seva, ambamo kila ombi la ukurasa huandikwa pamoja na saa, anwani ya IP na aina ya kivinjari. AWStats ni mojawapo. Nyingine hutia msimbo mfupi ndani ya ukurasa, nao hutuma taarifa kila ukurasa huo unapofunguliwa. Google Analytics, iliyoanza mwaka 2005, ndiyo mashuhuri zaidi katika kundi hili. Matomo, Plausible na Umami zilifuata.

Chukua mfano wa tovuti inayotangaza bei ya gunia la mahindi la kilo 90 katika soko la Kitale na lile la Chwele, Kaunti ya Bungoma. Mwenyewe huishughulikia jioni baada ya kazi, na anataka kujua kama wasomaji wake wako Trans Nzoia au Bungoma.

Hilo ndilo swali ambalo zana hizi hulijibu vibaya. Mahali pa msomaji hukisiwa kutokana na anwani ya IP, lakini simu huingia intaneti kupitia mitambo ya kampuni ya simu, ambayo huenda iko mbali sana na mnara wa kijijini. Mkulima wa Kiminini anaweza kuandikwa kuwa yuko Nairobi. Tena anwani moja hutumiwa na simu nyingi kwa wakati mmoja. Plausible, isiyotumia kuki, humtambua mgeni kwa kuchanganya anwani yake na aina ya kivinjari, kisha hubadilisha ufunguo wa utambulisho huo kila siku. Kwa hiyo simu mbili zinazofanana huweza kuhesabiwa kuwa mtu mmoja, na anayerudi kesho yake huwa mgeni mpya. Lililo la uhakika zaidi ni kutenga kurasa: Kitale ukurasa wake, Chwele wake. Anayefungua bei za Chwele ameonyesha mwenyewe soko analolifuatilia, wala hakuna haja ya kubahatisha anakoishi.

Viungo vinavyosambazwa WhatsApp navyo huleta utata. Wanaovibonyeza huko kwa kawaida huorodheshwa kama waliokuja moja kwa moja, kana kwamba waliandika anwani ya tovuti wenyewe. Kuongeza alama fupi mwishoni mwa kiungo, tofauti kwa kila kundi, hutatua hilo.

Zana mbili zikiwekwa pamoja hazitatoa hesabu moja. Daftari la seva hujumuisha roboti za injini za utafutaji, hivyo hesabu yake huelekea kuwa kubwa. Msimbo huwakosa waliozuia JavaScript. Kinachofaa kulinganishwa ni mwelekeo wa zana moja, wiki kwa wiki. Uzito pia una maana kwa msomaji anayenunua bando dogo: msimbo wa Plausible ni mdogo sana kuliko wa Google.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na anwani ya IP yaweza kuwa taarifa binafsi. Matomo huweza kuwekwa kwenye seva ya mwenye tovuti na kukata tarakimu za mwisho za anwani kabla ya kuihifadhi. Msomaji aelezwe, kwenye tovuti hiyohiyo, kinachohesabiwa na sababu yake.