Rangi, Umbo na Mwendo: Dalili za Wema na Uovu katika Sinema za Katuni

Mwigizaji wa jukwaani huja na mwili aliozaliwa nao, lakini mhusika wa sinema za katuni hana ila kile alichopewa na mchoraji. Rangi ya nguo zake, upana wa mabega yake, hata namna ya kuinua mguu, vyote vimechaguliwa. Kwa hiyo sinema hizo zafaa sana kwa kuchunguza jinsi macho yanavyotambua wema na uovu kabla masikio hayajasikia neno. Dalili zitumikazo ni tatu: rangi, umbo na mwendo. Aghalabu hutajwa pamoja kana kwamba zina uzito mmoja, walakini hazina.

Rangi huonekana upesi kuliko dalili nyingine, nayo ndiyo dhaifu kupita zote. Katika Sleeping Beauty, sinema ya Walt Disney ya mwaka 1959, mchawi Maleficent amevaa joho jeusi, na moto wake ni wa kijani. Mtazamaji wa Marekani huona humo mauti na sumu. Katika pwani ya Afrika ya Mashariki kijani ni rangi ya mimea baada ya mvua, na kwa Waislamu ni rangi yenye heshima. Lugha yenyewe yashuhudia, maana kijani ni neno lililozaliwa na jani, wala si na sumu. Hata weusi hauna maana moja: wingu jeusi humtisha baharia na kumfurahisha mkulima. Basi maana ya rangi hutokana na mafunzo na desturi.

Umbo lina nguvu zaidi. Katika The Lion King ya mwaka 1994, Mufasa ana kidevu kipana na kifua kizito. Nduguye, Scar, ni mwembamba mwenye uso uliochongoka. Kilichochongoka hukumbusha mwiba na ukucha, ambavyo watu wote hujihadhari navyo. Hata hivyo umbo laweza kudanganya. Katika mwaka 1926 Lotte Reiniger wa Ujerumani alitoa Die Abenteuer des Prinzen Achmed, sinema iliyotungwa kwa visa vya Alfu Lela Ulela. Wahusika wake ni vivuli vilivyokatwa kwa karatasi ngumu na risasi nyembamba, viungo vikaunganishwa kwa waya, kisha wakapigwa picha moja moja. Wote ni weusi, kwa hiyo weusi hauwezi kumtenga mwovu na mwema. Tena yule mwanamke mchawi wa mlima wa moto ana umbo baya la kutisha, naye ndiye amsaidiaye Achmed na kumshinda mchawi mwovu.

Mwendo ndio hukata shauri. Katika mwaka 1944, Fritz Heider na Marianne Simmel walitangaza huko Marekani matokeo ya jaribio lao. Walionyesha sinema fupi ya pembetatu mbili, kubwa na ndogo, pamoja na duara dogo, zikienda huku na huku karibu na mstatili wenye mlango. Katika kundi la kwanza la watazamaji 34, mmoja tu alieleza maumbo matupu. Wengine wote walisimulia matendo ya viumbe hai. Kundi jingine lilipoulizwa tabia zao, karibu wote waliiona pembetatu kubwa kuwa gomvi na onevu, na baadhi wakaisifu ndogo kwa ushujaa. Zote mbili ni pembetatu, wala hazina uso. Zilizotofautiana ni ukubwa na mwendo.

Kiswahili kimelijua jambo hili tangu kale. Atembeaye hana kosa. Anyataye ana siri. Anyemeleaye ana mtu anayemwinda. Kitenzi kimekwisha kutaja nia ndani ya mwendo, jambo ambalo -eusi na -eupe haziwezi kulifanya kwa uwazi namna hiyo.

Tofauti hii si ya wachoraji peke yao. Katika The Lion King fisi mmoja ameitwa Shenzi, neno la asili moja na mshenzi, ambalo watu wa pwani walilitumia zamani kuwadharau watu wa bara. Jina la namna hiyo hufanya kazi ya rangi: humhukumu mtu kabla hajainua mguu. Sinema iliyofuata, ya mwaka 1998, yamleta kijana Kovu, ambaye jina lake ni tafsiri ya Scar, na ambaye ana manyoya meusimeusi na macho ya kijani kama yeye. Simba anamfukuza, akidhani amemwona Scar tena. Lakini Kovu hamnyemelei mtu hata mwisho. Husita, hurudi nyuma, na hatimaye husimama kati ya majeshi mawili yanayotaka kupigana. Rangi ilimsingizia, na mwendo ukamtakasa.

Mchoraji atakaye kuonyesha uovu kwa kweli hahitaji wino mweusi. Yamtosha kuangalia jinsi mtu anavyomkaribia aliye dhaifu kuliko yeye.